Mtakatifu wa Jumanne

Ukipanda kutoka Kanyakine ukaiacha kahawa nyuma, ukafika pale majani chai yanapoanza, utaona kanisa la mabati, na nje yake kengele ambayo kusema kweli ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Nyumba ya Marcella iko hapo kando. Na ungepita wakati ule ninaosimulia, ungemkuta peke yake, hilo nakuhakikishia. Katekista mzima, mama wa miaka sitini na mmoja, aliyefundisha nusu ya kijiji kufanya ishara ya msalaba! Lakini wiki ilikuwa inaweza kuanza na kuisha asiulizwe hata hali na mtu, ila Beth jirani yake, na Beth naye hakuwa anakuja kukaa, alikuwa anakuja kuazima kiberiti.

Upweke huo uliletwa na bomba la maji.

Sikiliza, ni rahisi kuelewa. Upande huu wa mto anakaa Mithika, mwenye malori na machimbo ya mawe, na huyo ni kaka wa Marcella, baba mmoja mama mmoja. Upande ule anakaa Kailemia, aliyekuwa chifu miaka kumi na tisa na ambaye mpaka leo hajakubali kwamba alistaafu. Huyo ni kaka mkubwa wa marehemu Riungu, mume wa Marcella. Mvua ilipokosa misimu miwili mfululizo, kila mmoja alisema mahali maji yanapoingilia bombani ni kwake. Leo wa huku wanakata bomba la wale, kesho wa kule wanafyeka migomba ya hawa. Halafu yakaja mapanga. Kijana mmoja wa Mithika akapoteza vidole viwili, kijana mmoja wa Kailemia akashonwa kichwa nyuzi ishirini. Polisi walikuja, wakanywa chai kwa Mithika, wakanywa chai kwa Kailemia, wakarudi walikotoka.

Sasa muweke Marcella katikati ya hao. Alizaliwa huku, akaolewa kule. Akienda kwa kaka yake kusalimia, mazungumzo yanakatika anapoingia, na mtu anamwambia, "Wewe si uliolewa? Nenda kwenu." Akivuka mto kwa mashemeji, wanamwangalia mikono kana kwamba amebeba kitu. Na lililomuuma kuliko yote ni Muthomi, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka thelathini, mrefu kama baba yake. Alifunga nguo zake akahamia kwa baba yake mkubwa Kailemia, na huko wakamfanya kiongozi wa vijana.

"Mama, nikilala kwako wataniuliza nimepeleka habari gani kwa mjomba," alimwambia. "Acha kwanza haya mambo yaishe."

"Na yataisha lini?"

"Mwulize kaka yako."

Hofu ya Marcella ilikuwa moja tu, na alilala nayo na kuamka nayo. Kwamba siku moja watamletea habari kuwa Muthomi amemkata Mithika, au watu wa Mithika wamemkata Muthomi. Na kwa kuwa padri anakuja mara moja kwa mwezi, yeye mwenyewe ndiye atakayesimama kuongoza sala za maziko, na hajui atamlilia nani na amlaani nani. Aliwahi kuomba afe yeye kwanza. Aliomba hivyo kwa sauti, jikoni, akimenya nduma.

Ng'ombe wa Beth ndiye aliyemwamsha. Beth hana ukoo na Mithika wala na Kailemia, alikuja kuolewa kutoka mbali na mume akamfia. Mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa. Asubuhi moja vijana wakikimbizana kutoka mtoni wakakatiza kwenye boma lake, na ng'ombe akakatwa mshipa wa mguu. Wa upande gani? Kila upande ulisema ni wale wengine. Beth alikaa chini kwenye matope akamshika ng'ombe kichwa, na Marcella alipofika akakaa naye chini. Aliona aibu kwa niaba ya pande zote mbili, maana zote zilikuwa zake.

Alirudi nyumbani akatafuta daftari lake la chuo cha makatekista. Zamani, kabla hajaolewa, padri mmoja mzee aliwafundisha historia ya Kanisa, na kuna somo moja halikumtoka kichwani. Kwamba miaka elfu moja iliyopita, huko Ufaransa, wakubwa wenye farasi na ngome walikuwa wakipigana wao kwa wao, wanaoishia kuchomewa mashamba ni maskini. Mfalme yupo, lakini ni kama hayupo. Basi maaskofu wakawaita watu uwanjani, wakatoa mifupa ya watakatifu, wakawaapisha wale wakubwa juu yake: msiguse kanisa, msiguse mkulima, wala mwanamke, wala anayekwenda sokoni, wala mnyama wa maskini. Hiyo waliiita Amani ya Mungu. Baadaye wakaongeza Suluhu ya Mungu: tangu Jumatano jua likizama mpaka Jumatatu jua likichomoza, hakuna kuinua upanga. Ukiivunja, unatengwa na Kanisa. Marcella alikuwa ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu ya usichana wake: Je, walitii? Na jibu hakuandika.

Jumapili iliyofuata watu walifika kanisani wakakuta kufuli. Marcella amekaa kwenye ngazi, funguo mfukoni, leso kichwani.

"Hakuna ibada," alisema. "Hakuna ibada, hakuna mafundisho, sitasomea mtu maziko wala kuandika kadi ya ubatizo, mpaka Mithika na Kailemia waje hapa pamoja."

Walimcheka. Jumapili ya pili hawakucheka sana, kwa sababu wanawake walikuwa wamekasirika, na mwanamke akikasirika Jumapili unaijua chai yake ya Jumatatu. Jumapili ya tatu wale wazee wawili wakaja, kila mmoja na kitambi chake na walinzi wake, wakasimama mbali kama majogoo.

Mifupa ya watakatifu hakuwa nayo, angeitoa wapi? Lakini kwenye kabati la sakristia kulikuwa na fimbo ya Njura. Mzee Njura alikuwa katekista wa kwanza wa kigango kile, marehemu zamani, na hakuna mwanamume wa rika la Mithika na Kailemia ambaye hakuchapwa na ile fimbo kwa kukosea Amri Kumi. Hao wawili walikuwa wanakaa benchi moja, wanachapwa pamoja. Marcella alipoitoa nje, nyeusi, imepinda kidogo, haki ya Mungu nakuambia, Kailemia alirudi nyuma hatua moja. Chifu wa miaka kumi na tisa!

"Wekeni mikono," Marcella alisema.

Wakaweka. Waliapa wasiguse wanawake wanaokwenda mtoni, watoto wa shule, mtu mwenye mzigo wa soko, kanisa, wala mnyama wa yeyote. Na kwamba kengele ikilia Jumatano jioni kila mtu ashushe panga mpaka ilie tena Jumatatu asubuhi. "Nikivunja, Njura aniulize," alisema Mithika, na jasho lilikuwa linamtoka kwa kweli.

Na walitii. Nani angeamini? Alhamisi watu walivuka mto. Ijumaa wakaonekana akina mama wa pande mbili wakiteka maji mahali pamoja, hawaongei, lakini wanateka. Marcella alikaa mlangoni pake akitazama, moyo ukamjaa, akajiona ni mtu wa maana duniani.

Jumatatu asubuhi akagonga rimu, na kabla chai haijachemka akasikia makelele kutoka mtoni.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Walikuwa wamempa Mungu siku zake nne, zilizobaki ni zao, na ugomvi wote wa wiki waliusukumia humo. Jumatatu na Jumanne walipigana kwa bidii kama watu wenye zamu, na Jumatano pia, huku wakitazama jua. Ati kuna siku kijana alikuwa ameinua rungu, kengele ikalia, akalishusha, akamwambia mwenzake, "Tutaonana Jumatatu," na yule akajibu, "Mungu akipenda." Sasa huo ni wendawazimu au ni dini? Mimi sijui. Marcella ndiye aliyekuwa akigonga ile kengele ya Jumatatu, na kila alipoinua nyundo alijua anawafungulia.

Kwa nini asiache kuigonga? Alijaribu. Wiki moja hakuigonga, na Kailemia akatuma mtu kumwambia kwamba kama katekista hafuati mapatano, wao pia hawafungwi nayo. Akagonga.

Ndipo akakumbuka sehemu ya mwisho ya somo, kwamba maaskofu waliongeza sikukuu. Pale kigangoni, mwenye kalenda ya liturjia ni katekista peke yake, na asemalo kuhusu siku ndilo linalofuatwa. Akatangaza Jumapili: "Jumanne ni Mtakatifu fulani, ni siku ya Mungu." Wakanung'unika, wakaheshimu. Alianza na watakatifu wa kweli, mitume na wafiadini, na akawatumia mpaka akawamaliza. Kukaja majuma ambayo kalenda haikuwa na kitu kizito, ni watawa wadogo wadogo ambao hata padri huwaruka. Na katika majuma hayo Muthomi alirudi kutoka mtoni amefungwa kitambaa begani. Marcella alimwona kwa mbali, akipita barabara ya juu, na hakuingia.

Jumapili hiyo alisimama mbele ya watu, akafungua kalenda, akatazama Jumanne, hapakuwa na kitu. Akasema, "Jumanne ni Mtakatifu Valderiko, Abati." Jina lilimtoka tu. Alirudi kwenye kiti chake. Tangu amekuwa mtu mzima hakuwahi kusema uongo kanisani, na sasa alikuwa amesema mmoja mkubwa, ukaitikiwa na watu mia moja na ishirini kwa "Amina."

Jumanne ikapita kimya.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi, na hilo ndilo lililomtisha. Akawaleta Wafiadini Kumi na Mmoja wa Shambani. Akamleta Mtakatifu Imelderina, Bikira. Siku moja, alipokosa kabisa la kusema, akamleta Mtakatifu Kresensiana, Mjane, msimamizi wa mabomba ya maji, na Mithika mwenyewe akaitikia kwa sauti. Vita vikabaki siku moja au mbili kwa wiki, mara nyingine hakuna. Vidonda vya watu vikapona. Lakini nyumbani kwake bado hakuna aliyekuja, kwa sababu suluhu haikuwa urafiki. Alipika githeri ya mtu mmoja, akaila akisikiliza redio, na usiku akaungama kwa Mungu moja kwa moja, maana kwa Padri Ngari hangethubutu.

Huyo Padri Ngari alikuwa kijana wa kutoka Gachoka, aliyezoea joto la kwao Mbeere, na huku kwetu alikuwa anavaa koti juu ya kanzu mwaka mzima. Ana vigango kumi na kimoja. Alikuja, akasoma misa, akabatiza, akaondoka. Hakuwa na wakati wa kuuliza watu wanasherehekea nani.

Sasa, mkaza mwana wa Mithika anaitwa Kinya. Uchungu ulimshika asubuhi ya Jumanne, mtoto amekaa vibaya, na njia ya gari ya kwenda hospitali inapita katikati ya shamba la Kailemia. Jumanne ya kawaida gari la Mithika lisingepita pale. Kiapo kilimlinda mwanamke mwenye ndoo na mwenye mzigo wa soko, lakini gari la adui lilikuwa gari la adui, na vijana walikuwa na mawe. Jumanne hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Valderiko, kwa mara ya pili, kwa sababu Marcella alikuwa ameishiwa na majina. Vijana wa Kailemia waliinuka, wakaona ni gari, wakakumbuka siku, wakakaa. Muthomi mwenyewe ndiye aliyeondoa gogo barabarani. Kinya alifika, akajifungua mtoto wa kiume, hai, na akaweka nadhiri.

"Ataitwa Valderiko," alimwambia Marcella, akija kuandikisha ubatizo. "Nilimwomba njia nzima, shangazi. Nilikuwa nasema Mtakatifu Valderiko, nipitishe, na akanipitisha."

Marcella aliweka kalamu chini. "Ni jina gumu kwa mtoto. Mwite Yohana."

"Aka! Yohana alinifanyia nini?"

Marcella alimfuata nyumbani mara mbili kumbembeleza. Mara ya pili Mithika alimuuliza kama sasa amekuja kuwachagulia majina ya wajukuu. Basi akaandika kwenye kadi "Valerio," kwa mwandiko mbaya makusudi, akitumaini padri atalisoma haraka na mama atasikia anachotaka kusikia. Hesabu za mtu aliyebanwa ni hizo.

Siku ya ubatizo kanisa lilijaa. Mithika na watu wake mkono wa kulia, Kailemia na wake mkono wa kushoto, Muthomi nguzo ya nyuma, mikono kifuani. Padri Ngari akasoma kadi, akamimina sauti yake nzuri: "Mnampa mtoto huyu jina gani?"

"Valderiko," Kinya akasema kwa nguvu.

"Valerio."

"Hapana, Padri. Valderiko. Yule Mtakatifu wa Jumanne."

Padri akainua macho. Alikuwa mtu mpole, hakutaka kumwaibisha mama mbele ya watu. "Huyo simfahamu. Labda katekista atusaidie. Mama Katekista, ni nani huyo?"

Angeweza kusema chochote. Angesema ni wa Ufaransa, ni wa zamani, kitabu kiko nyumbani. Lakini Kinya alikuwa amemgeukia na uso uliojaa imani, na mtoto mkononi, na Marcella akashindwa kuongeza uongo juu ya kichwa cha yule mtoto.

"Hayupo, Padri," alisema. "Nilimtunga."

"Ulimtunga?"

"Yeye, na wengine."

Lo! Kanisa lilivuma. Kinya hakupiga kelele, alisema polepole tu, "Lakini nilimwomba mimi. Nilimwomba nani?" Padri akamwambia Mungu ndiye aliyesikia, na Kinya akatikisa kichwa, machozi yakimdondokea mtoto, akasema, "Basi mwite Yohana, maliza." Hakumtazama Marcella tena siku hiyo, na mpaka leo wanasalimiana kwa shida.

Kailemia alikuwa ameshasimama. "Yaani tumeketi nyumbani, wanaume wazima, kwa watakatifu wa uongo? Kresensiana je?"

"Hayupo."

"Hata wa mabomba?" Mithika alipiga paja. "Nilimwashia mshumaa!"

Muthomi alitoka kwenye nguzo akaja mbele mpaka katikati. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi. "Mama, mimi nilikuwa nawazuia vijana kwa jina lako. Nilikuwa nawaambia mama yangu hawezi kudanganya. Siku kumi na nne nimewazuia, mama!"

"Kumi na tano," Mithika akasema kutoka mkono wa kulia. "Umeisahau ile ya Wafiadini wa Shambani."

Muthomi akageuka. Alifikiri kidogo, akihesabu. "Kweli, mjomba," akasema. "Kumi na tano."

Miaka miwili. Kwa miaka miwili neno lililopita kati ya hao wawili lilikuwa ni matusi kutoka ng'ambo ya mto. Wengine kanisani hawakulisikia hata, walikuwa wanapiga kelele. Marcella alilisikia. Alisimama pale mbele na kanisa zima likamwondoka masikioni, likabaki hilo: kweli, mjomba.

Padri Ngari aliinua mikono, akatuliza watu. "Ndugu zangu, katekista alikosa, lakini nadhani tunaona alitaka nini. Mama Marcella, waombe watu msamaha, nao watakusamehe, tuendelee na misa. Sivyo?"

Na watu walikuwa tayari, hilo ujue. Hasira zilikuwa zimeanza kushuka. Mithika alikuwa tayari anarudi benchi lake la kulia, Kailemia anarudi la kushoto, na Muthomi ameanza kurudi nyuma kwenye nguzo yake. Marcella aliwaona wakiachana. Kusema "nisameheni" ni neno moja, na alilitaka, Mungu anajua alivyolitaka, maana alikuwa amechoka kukaa peke yake na pengine baada ya hapo mtu angekuja kumpa pole.

"Siombi," alisema.

"Mama Katekista?"

"Siombi msamaha, Padri. Nimwombe nani? Huyu?" Alimnyooshea kidole kaka yake. "Tumbo limeota na akili ilibaki kwa Njura. Au huyu, aliyekuwa chifu, anaogopa fimbo ya maiti? Niliwadanganya kwa sababu mnadanganyika. Nyote. Ningewaambia kuna mtakatifu wa kuku, mngekaa nyumbani na kuku." Halafu akamtazama Muthomi, na hili lilikuwa gumu kuliko yote. "Na wewe mwanangu ni mjinga kama wao. Mmefanana."

Sauti haikumtetemeka. Usiniulize aliweza vipi.

Basi hapo ndipo kanisa lilipochacha. Mithika alirudi mbele macho mekundu, Kailemia akaja kutoka upande wake, wakakutana katikati, na Kailemia akasema, "Mithika, umesikia dada yako?" na Mithika akajibu, "Huyo si dada yangu, nimesikia anavyotutukana sote," na Kailemia akasema, "Hatuwezi kuongozwa na mtu kama huyu," na Mithika akasema, "Hata mimi nilikuwa nataka kusema hivyo." Muthomi alisimama kando yao, mabega sawa. Walimtaka Marcella atoe funguo. Akazitoa, akaziweka kwenye kiganja cha mwanawe, na kiganja kilikuwa cha moto. Akatoka kwa mlango wa pembeni, na nyuma yake akasikia wakipanga mkutano.

Mkutano ulifanyika mchana huo huo, nyumbani kwa Mithika. Beth ndiye aliyemletea habari, na safari hii hakuja kuazima kitu, alisimama mlangoni na kanga mdomoni.

"Kailemia amevuka mto," alisema. "Amekaa sebuleni kwa Mithika. Wameandika barua kwa parokia utolewe ukatekista, na ukitolewa usipewe hata kazi ya kufagia. Wakabishana nani atie sahihi kwanza, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia."

"Na Muthomi?"

"Ndiye aliyeiandika. Ana mwandiko mzuri." Beth alimtazama. "Halafu barua ilipoisha hawakuondoka, Marcella. Wameanza kuongea habari ya bomba. Nimewaacha wanachora chini na kijiti."

"Wanapiga kelele?"

"Wanaongea." Beth alishusha kanga mdomoni, akasema, "Si unajua ungeomba tu msamaha?"

"Najua," Marcella akasema.

Beth hakuingia. Alisema ana ng'ombe wa watu wa kukamua siku hizi, akaenda zake.

Jumatatu hakuna aliyegonga rimu. Marcella aliamka alfajiri kwa mazoea, akakaa kwenye stuli nje akingoja makelele kutoka mtoni. Hayakuja. Jua likapanda juu ya majani chai, umande ukakauka, na kutoka mtoni hakukusikika kitu ila maji. Kisha akasikia gari.

Ilikuwa pikapu ya Mithika, inashuka kwenda parokiani na ile barua. Mbele walikuwa wamebanana watatu. Mithika anaendesha, Kailemia amekaa dirishani na kofia yake ya uchifu, na katikati yao Muthomi, miguu mirefu haina pa kukaa, ameinama kidogo kumsikiliza mjomba wake. Gari lilipita kwenye shimo lililo mbele ya lango la Marcella, wote watatu wakarushwa, Muthomi akamwangukia Mithika begani, na wakacheka. Alimwona mwanawe akicheka, meno yote nje, na kaka yake pia.

Walimwona amekaa pale. Lazima walimwona, lango liko barabarani. Kailemia akageuza uso mbele, na wale wengine wakafuata. Gari likaenda.

Marcella alingoja mpaka lilipopotea kwenye kona ya Kanyakine. Ndipo akalia, kwa sauti, kilio cha msibani, mikono kichwani, na kama kungekuwa na mtu karibu angedhani amefiwa. Hakukuwa na mtu. Na katikati ya kilio hicho alikuwa anasema asante, anarudia, asante, asante, wako hai wote wawili, asante.